Nilisema "sawa" kwa kila ramani, leo jeneza halipiti kwenye korido yangu

MwanaFuoni (mwenye uzi)

Assalamu alaykum. Nisomeni mpaka mwisho kabla ya kunirushia mawe, maana mengine nshajirushia mwenyewe.

Najenga Fuoni. Nyumba ya mimi, mke wangu, watoto watatu na wazee wangu wawili. Nilimtafuta msanifu kijana, msomi, mwenye adabu zake. Akaja na kompyuta yake tukakaa barazani kwa ami yangu. Suali lake la kwanza: vyumba vingapi? Nikasema vinne, kimoja masta. Akauliza ukubwa wa kiwanja, nikamuonyesha karatasi. Kahawa ikaletwa, tukazungumza mpira, akaondoka. Hicho ndicho kikao chetu kirefu kuliko vyote.

Baada ya wiki tatu akaleta ramani na picha ya kompyuta. Wallahi nilikaribia kulia. Nyumba nyeupe, majani ya kijani, gari jeusi mlangoni, na mwanamke wa Kizungu anapita na mbwa wake. Fuoni! Nikacheka, nikasema sawa. Akaleta marekebisho, sawa. Akaleta michoro ya kuombea kibali, karatasi chungu nzima zenye mistari na namba. Nikatia saini. Sawa.

Mwezi uliopita jirani yetu alifariki, Mungu amrehemu. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza kutoka ndani. Nyumba mpya, nzuri, tailizi mpaka ukutani. Kwenye kona ya korido jeneza likakwama. Tukarudi nyuma, tukalipindisha, mwisho ikabidi tulinyanyue upande wa kichwani likawa kama linalosimama, na watoto wa marehemu wanatazama. Sauti ya ubao ukikwaruza ukuta bado ninayo masikioni.

Jioni ile ile nikenda kwenye jengo langu na futi kamba. Korido sentimita 105. Mlango wa chumba cha wazee, ambao uko baada ya kona, sentimita 80. Kuta zimefika usawa wa lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha, na zege yenyewe bado haijamwagwa.

Nikamwendea msanifu. Hakunikasirikia. Alifungua kompyuta akanionyesha saini yangu. "Kaka, ulisema sawa." Na kweli nilisema. Sasa nauliza: kosa la nani, na nifanye nini?

Pweza Mkavu

Kosa lako. Saini si mapambo.

Kachora

Mimi ni msanifu, nachora nyumba za watu hapa Unguja mwaka wa kumi na tatu huu. Pweza, saini si mapambo, hilo nakubali. Lakini mtu hawezi kuridhia asichokisoma.

Hilo neno sawa kwetu lina kazi nyingi. Ipo sawa ya "nimefahamu", na hiyo huisikia kwa nadra. Iliyojaa ni sawa ya haya. Mteja haoni kitu kwenye mistari ile, lakini mbele yake amekaa mtu aliyesoma, na yeye hataki aonekane hajui. Tena sisi watu wa visiwa hivi hatumkatalii mtu usoni. Ukimwambia mwenzio njoo kesho tule, atakwambia inshaallah na huku keshakata tiketi ya boti kwenda Pemba. Msanifu aliyezaliwa hapa anayajua haya tangu yuko chuoni anasoma juzuu, kisha akifungua kompyuta anayasahau.

Siku hizi mteja akiniambia sawa ya haraka haraka naingia wasiwasi. Namwambia: haya, nipe kidole chako, niingize kwenye hii nyumba. Tumetoka sokoni na kikapu cha samaki, tunapita wapi mpaka jikoni? Kidole kikikata juu ya ukuta, najua kwamba karatasi ile kwake ni nakshi tu. Na kidole hicho kimeshawahi kupita ukutani kwa watu wenye shahada zao, msidhani ni wazee peke yao.

Halafu ile picha. Kamera ya ndani ya programu huwekewa lenzi pana, chumba cha futi kumi kikaonekana ukumbi wa harusi. Haidanganyi kwa makusudi, lakini inadanganya.

Na namba. Sisi tunaandika milimita, nyinyi mnafikiri kwa futi. Ukiona 3000 unasema hapa pana futi kumi, basi. Kumbe michoro mingi hupima kutoka katikati ya ukuta mpaka katikati ya ukuta. Tofali la inchi sita ni milimita 150. Toa nusu yake kila upande, imebaki 2850. Toa plasta ya pande mbili, kiasi cha 30, imebaki 2820, yaani futi tisa na inchi tatu. Kitanda cha sita kwa sita na fremu yake kinakula kama 1900. Kabati la nguo 600. Imebaki 320. Futi moja na nusu inchi! Utapita kwa ubavu, na mlango wa kabati hautofunguka. Msanifu hakukuibia, mteja hakukosea kusoma. Kila mmoja alikuwa anasema lugha yake na hakuna aliyetafsiri.

MwanaFuoni

Kachora unanitisha. Chumba cha watoto kimeandikwa 3000.

Bi Shughuli

Nimesoma yote nikisubiri atokee mtu amtaje mwanamke. Wapi!

MwanaFuoni mwanangu, umesema nyumba ya mkeo na ya mama yako. Kwenye kikao cha barazani walikuwepo? Walikuwa ndani wanapika hiyo kahawa.

Nikwambieni yaliyonifika mimi Mwera. Mwanangu alinijengea, Mungu amzidishie, sina la kumlaumu. Akanipeleka jikoni nimefumba macho. Nikafumbua: kabati zinang'aa, jiko la gesi, sinki mbili. Nikamwombea dua. Ya pili yake nikatafuta pa kuweka mbuzi nikune nazi, hamna. Pa kuparia samaki bila ya nyumba nzima kunuka, hamna. Pa kuwekea jiko la mkaa siku gesi ikimaliza, hamna. Nikatoka nyuma: uwani hatua nne, nimezihesabu, kwa sababu nafasi amepewa gari. Gari halili, halioshi vyombo, halianiki nguo, lakini limepewa chumba kikubwa kuliko changu.

Nikaja nikafanya hitma ya marehemu mume wangu. Masufuria ya pilau tumeyainjika nje ya ukuta, barabarani, vumbi linaingia. Wanawake waliokuja kusaidia wote wamepita mlango wa mbele, katikati ya wanaume waliokaa wanasoma. Wengine wakazunguka mtaa mzima kuona haya.

Nyumba zetu za zamani zilikuwa na baraza mbele na uwani nyuma, na mlango wa uwani unatokea uchochoroni. Hayakuchorwa na mtu. Kila fundi alijua, kila mwenye nyumba alijua. Na hapo ndipo palipoharibika: lile ambalo kila mtu analijua hakuna anayelisema, na msanifu hachori asichoambiwa.

Na hilo lako la jeneza, umeuliza litapita wapi, hujauliza maiti ataoshewa wapi. Zamani tukichimba ufuo chini ya kitanda, maji yanaingia ardhini. Kwenye tailizi utachimba nini? Mwambie akutilie mfereji kwenye sehemu moja yenye staha, panapoingia kitanda na watu wanne kukizunguka. Siku za kawaida utafulia hapo, hapana tabu.

Pweza Mkavu

Bi mkubwa, naufuta mchango wangu wa mwanzo.

Mtu wa Muscat

Mimi upande wangu ni wa sisi tunaojenga kwa simu.

Nilijenga Chukwani nikiwa huku. Nilimtumia msanifu picha ishirini na mbili za nyumba za huku, nyingi paa bapa na kuta za juu zimezunguka. Akaniuliza mara moja tu kama nina hakika na paa lile. Nikamjibu kwa kidole gumba. Huku Muscat mvua ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 100. Kwetu inapita 1,500, na nyingi yake inamwagika masika peke yake. Masika ya kwanza paa limegeuka birika, ya pili dari imeanza kutoa ramani yake yenyewe, rangi ya chai.

Nilimlaumu sana. Baadae nikarudi kwenye ujumbe wetu nikauona ule wa paa, na kile kidole changu. Angenipigia simu akanambia "hili paa litavuja, na kulizuia kutakugharimu kadha", ningesikia. Lakini aliuliza kwa adabu, nami nikajibu kwa uvivu.

Kubwa kuliko hilo: nyumba ile ilikuwa na wenyewe watatu. Mimi natuma sauti kwa msanifu, mdogo wangu anamwambia fundi vyengine, mama akipita kwenye jengo anasema vyengine. Fundi akachukua ile aliyoisikia mwisho. Dirisha la sebule limehamishwa mara tatu. Kwa nyumba ya pili tumekubaliana kwamba anayesema ni mmoja, mdogo wangu, na kila linalobadilika linaandikwa siku ile ile kwa ujumbe mmoja ambao sote tuko ndani: limebadilika nini, kwa nini, limeongeza shilingi ngapi. Sauti za dakika saba marufuku. Hakuna anayezirudia kusikiliza.

Fundi wa Wawi

Salamu kutoka Pemba. Mnazungumza msanifu na mteja kama kwamba nyumba inajengwa na karatasi. Nami nimo, yakhe.

Karatasi inanifikia imeshakunjwa mara nane, imelowa jasho. Mwenye nyumba anakuja Ijumaa baada ya sala na rafiki zake, anasimama pale, rafiki anasema huu mlango ungekuwa huku ungependeza. "Fundi, hamisha." Namwambia tumuulize aliyechora. "Ah, yule keshalipwa, kaondoka." Na kweli kaondoka, kwa sababu hakulipwa kuja kwenye jengo. Mtu ananunua geti la mamilioni, lakini ramani anaipigania bei kama anayenunua changu jioni Darajani. Na akiipata rahisi, ndani yake hamna ziara hata moja.

Kisha hawa wachoraji wa mjini, na wanisamehe, wanachora kama dunia yote bapa. Pemba ni vilima. Niliwahi kupewa ramani ya nyumba ya kujengwa kwenye mteremko, mbele imechorwa kidaraja kimoja cha kuingilia. Tulipopima usawa wa ardhi, kidaraja kimekuwa ngazi tisa, na mwenye nyumba ana bibi yake asiyeweza magoti. Hakuna aliyekwenda kusimama pale kabla ya kuchora. Mteja hakusema kama pana mteremko kwa sababu kwake yeye ule si mteremko, ndio kwao.

Mimi ninavyofanya sasa, na hii haina gharama: kabla ya kuchimba msingi napiga vigingi, nafunga kamba, namwaga chokaa kwenye kila ukuta, na milango naiacha wazi. Nyumba nzima iko chini, kama ilivyo. Namwambia mwenyewe lete mkeo, lete mama, lete na kitanda ukiweza. Waingie kwa mlango, si kwa kuruka kamba. Mwambie mama alale hapo chumbani kwake. Utasikia maneno ambayo miezi sita hayakusemwa. "Mbona kichwa changu kiko chooni?" Kufuta mstari wa chokaa ni kazi ya mguu. Kuvunja ukuta ni kazi ya nyundo na pesa.

Kachora

Fundi, umenipiga na sina la kujibu. Nitaongeza tu kwamba chokaa ina hila yake: nyumba ikiwa chini bila ya kuta huonekana ndogo kuliko ilivyo. Wateja wengi wakifika pale huomba kuongeza kila chumba. Ndiyo maana nataka kitanda au mkeka uwekwe, ili jicho lipate kipimo.

Mwanachuo Ardhi

Nasoma usanifu Chuo Kikuu Ardhi, kwetu Wete. Haya si ya kwetu peke yetu. Marekani, katika jimbo la Illinois, daktari mmoja bingwa wa figo, Edith Farnsworth, alimpa kazi msanifu mkubwa kabisa wa zama zile, Mies van der Rohe, amchoree nyumba ya mapumziko kando ya mto. Ikamalizika 1951. Kuta zote ni vioo. Leo ni makumbusho na wanafunzi wa dunia nzima wanaichora. Lakini wenyewe wawili walifikishana mahakamani kwa ajili ya gharama na malipo, na bibi yule aliwahi kulalamika kwamba ndani mle anajihisi kama mnyama anayechungulia huku na huku bila ya kutulia.

Bi Shughuli

Mwanamke peke yake, nyumba ya vioo, porini. Na pazia je?

Mwanachuo Ardhi

Pazia zilikuwepo bi mkubwa. Lakini hata kabati la nguo lilileta ugomvi.

Bi Shughuli

Basi.

Mtoto wa Michenzani

Nyinyi angalau mmeulizwa vyumba vingapi. Sisi majumba yetu, yale ya miaka ya 1970 yaliyotokana na mipango ya Wajerumani Mashariki, nani aliulizwa? Sitaki kuyatukana, nimekulia mle, maji ya mfereji na umeme tumeyaona huko wakati wenzetu wengi hawana. Lakini mama yangu alikuwa anakuna nazi kwenye korido ya nje, jiko la mkaa liko kwenye kibaraza, na harusi ya dada tuliifanya chini kwenye turubai. Alipofariki babu tulimshusha kwa ngazi, watu wanane, kona kwa kona, na majirani wa kila ghorofa wametoka mlangoni wanapokezana. Kwa hiyo MwanaFuoni, usijione wewe ni wa kwanza.

Tofauti ni kwamba yule aliyetuchorea alikuwa mbali na hakutujua. Wako amekunywa kahawa kwa ami yako.

Mzee wa Kusi

Wanangu, mmezungumza mengi ya maana. Mimi nauliza dogo. MwanaFuoni, ukikaa kwenye choo chako unaelekea wapi?

MwanaFuoni

Mzee, mabomba bado hayajalazwa. Ila kwenye ramani... ngoja niiangalie.

Kinaelekea kaskazini.

Mzee wa Kusi

Kwetu Unguja kibla ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa, kwa sababu Makka iko juu yetu kama kwa kamba iliyonyooka. Kwa hiyo choo chetu kikae kwa mashariki na magharibi, usielekee kibla wala usikipe mgongo. Kukigeuza leo ni kusema na fundi bomba. Kukigeuza baada ya tailizi ni msiba. Kijana wako Muislamu, nina hakika analijua hili kama alijuavyo jina lake. Lakini nadhani ile programu haijasilimu.

La pili, upepo. Kaskazi inavuma Disemba mpaka Machi, kusi inashika kuanzia kama Aprili. Nyumba zetu za Ng'ambo korido ilinyooka kutoka mlango wa mbele mpaka uwani, vyumba huku na huku. Ukifungua milango miwili upepo unapita wenyewe. Na jeneza nalo likipita hapo hapo, moja kwa moja, bila ya kona. Hiyo kona ya korido yako imeingia ili mgeni asione vyumba vya ndani, nami nafahamu, sitara ni jambo jema. Lakini pazia lilikuwa linafanya kazi ile ile.

Na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma: yakifunguka yote, yamefunguka nusu. Nusu ya pili kioo kimelala juu ya kioo. Umelipia dirisha la futi sita, umepata hewa ya futi tatu. Uliza kabla.

Mtu wa Muscat

Ile programu haijasilimu 😂 Mzee, Mungu akuweke.

MwanaFuoni

Nimenyamaza kwa sababu nilikuwa nasoma na mke wangu, na kila mchango akisoma ananitazama. Kachora, nifanye nini sasa? Nivunje?

Kachora

Usivunje leo, na usimwite fundi kabla ya kumrudia msanifu wako. Zege ya lenta haijamwagwa, kwa hiyo una bahati ambayo watu wengi hawaipati.

Nyumba siijui, nakwambia ningeangalia wapi. Kwanza chumba cha wazee: kama ukuta wake mmoja unapakana na uwani, mlango wa pili wa sentimita 110 unaotoka moja kwa moja nje unaondosha suala la kona lote. Mama anapata pa kutokea asubuhi bila ya kupita sebuleni, na siku ya shughuli wanawake wanapata njia yao. Kama haiwezekani, kata ile kona kwa mshazari na panua mlango ufike mita moja. Vyovyote iwavyo, aliyepiga hesabu za lenta na nguzo aseme neno lake, maana ukipanua uwazi, lenta nayo inabadilika, nondo zinabadilika.

Ukimwendea, usiende na "umenikosesha". Na usiende na "naomba ubadilishe mlango" vilevile, kwa sababu ataubadilisha mlango, basi. Nenda na siku. Mwandikie siku moja ya nyumba yenu kuanzia adhana ya alfajiri mpaka watu wamelala: nani anaamka kwanza, anapita wapi, maji anachota wapi, watoto wanavua wapi viatu vya skuli, futari mnakula mezani au mkekani, mgeni wa kiume akija mke wako yuko wapi. Halafu andika siku moja ya harusi na siku moja ya msiba. Nusu saa ya kuandika. Ningepewa karatasi hiyo na kila mteja, vyumba vingapi ningevijua mwenyewe bila ya kuuliza.

Na useme pesa kwa ukweli. Wateja wanatuficha kwa kuogopa kwamba tutaila yote, sisi tunachora nyumba ya mfuko ambao haupo, kisha fundi ndiye anayekata: anaondoa baraza, anapunguza uwani, anafupisha ukingo wa paa. Vinavyokatwa huwa ni vile vile alivyovitaja Bi Shughuli.

Upande wetu, hatufundishwi kuuliza. Tunafundishwa kuwasilisha. Kijana anasimama mbele ya walimu anaitetea kazi yake, anazoea kuitetea, na anakuja kwa mteja kuitetea vilevile. Mteja anadhani kuuliza ni kumkosoa, ananyamaza.

Mwanachuo Ardhi

Hapo umenigusa. Wiki ijayo nawasilisha, na nshaandaa majibu ya masuali yote. Masuali yangu mwenyewe sina hata moja.

Pweza Mkavu

Na yule mwanamke na mbwa je? Nani alimchagua?

Kachora

Anakuja na programu. Kila msanifu wa mjini anamjua. Kuna mmoja wetu alitafuta wiki nzima picha ya mtu aliyevaa kanzu akakosa, mwisho akampiga picha mjomba wake.

MwanaFuoni

Nimerudi baada ya siku sita.

Niliandika ile siku. Nilidhani nusu saa, imechukua usiku mzima, kwa sababu kila nikiandika mke wangu anasema "si hivyo". Kumbe mimi sijui watoto wangu wanavua wapi viatu.

Msanifu alikuja Ijumaa baada ya sala. Nilimpa karatasi barazani, akaisoma kimya, akageuza akasoma tena. Akasema, "Kaka, haya mbona hukunambia?" Nikamwambia mbona hukuniuliza. Tukacheka sote wawili, ikaisha hapo. Akaomba tumlete mama.

Mama akaja na fimbo yake. Kijana akamwagia chokaa uwani palipobaki, pamoja na kuta mpya anazozifikiria, akamwekea mama ndoo akae. Mama kwanza anasema, "Sawa mwanangu, nyumba nzuri, Mungu aibariki." Msanifu akanitazama, nami nikamtazama. Akachuchumaa mbele yake akamwambia, "Bi mkubwa, hiyo sawa siitaki. Niambie ukiamka unakwenda wapi."

Mama akanyanyuka. Akapita kwenye mlango wa chokaa, ule mpya wa kutokea chumbani kwake, akashuka uwani, akasimama. "Hapa natia udhu. Hapa naanika. Na hapa nakaa kwenye mlimau mpaka jua litoke vizuri."

Mlimau gani? Kijana kafungua ramani. Hamna. Kafungua ile ya kiwanja. Hamna. Mti wenyewe uko pale, mkubwa, umezaa, nimeupita mwaka mzima kwenda kuangalia tofali. Na kwenye mchoro, hapo hapo ulipo, pameandikwa karo, shimo la maji machafu.

Mama anauliza kama utakatwa. Sijamjibu. Kachora, karo inaweza kusogezwa?

Kachora

Kwanza nambie: kutoka kona ya jiko mpaka shina la mti ni hatua ngapi, na kisima cha jirani kiko upande gani? Na asubuhi kivuli cha mti kinaangukia wapi? Hilo la mwisho muulize mama, usijibu wewe.